Kiapo Kilipoondolewa Barazani: Wazee, Polisi na Korti katika Historia ya Kwale

Katika mashamba ya kusini mwa Pwani ya Kenya, kuanzia Tiwi hadi kule Lungalunga, mtu anaweza kukuta mnazi umefungwa kitambaa shinani, au mwembe umetundikwa chupa yenye kitu cheusi ndani, na matunda yake yakabaki juu mpaka mwenyewe aje kuyaangua. Hapana ua hapo, hapana mlinzi. Wadigo huiita kinga hiyo chirapho, na ni jina hilo hilo wanalolitumia kwa kiapo. Anayeijua huogopa kuvimba tumbo au kuugua ugonjwa usiotibika hospitali, basi hupita mbali. Vitabu vya sheria vinapoeleza jinsi jamii inavyodhibiti wakosaji huanza na polisi, vikaendelea na mahakama, vikaishia gerezani. Kwale haiwezi kuelezwa kwa mpangilio huo, kwa sababu vyombo hivyo vitatu vilipofika vilikuta kazi ya kuwazuia watu kudhuriana tayari ina wenyewe. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba serikali, tangu ya Waingereza, ilichukua mamlaka ya kuadhibu kutoka kwa wazee bila kuichukua kazi iliyofanywa na kiapo. Kiapo kilisukumwa kutoka barazani hadi mafichoni, na huko mafichoni kikapoteza mashahidi wake na mipaka yake. Mashambulizi ya Likoni ya Agosti 1997 ni sehemu ya historia hiyo.

Kabla ya bendera ya Uingereza, mashauri mazito ya Wadigo yalipelekwa kwa ngambi, baraza la wazee wa kaya, yaani misitu mitakatifu ya jamii. Wizi, mipaka ya mashamba, zinaa, deni na hata damu vilisikilizwa hapo. Adhabu ya kawaida ilikuwa fidia kwa aliyedhulumiwa, pamoja na mnyama au tembo la wazee waliokaa kusikiliza. Aliyeua, ukoo wake ulilipa kore, na kore nyakati nyingine ilikuwa binadamu aliyetolewa kufidia binadamu. Ushahidi ulipokosekana ndipo kiapo kilipoitwa. Katika kiapo cha shoka, chuma kilitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, mganga mwenye idhini ya wazee akakisemea maneno yake, kisha kikapitishwa kiganjani mwa anayeshutumiwa. Wazee waliungoja ule mkono: ukitoka malengelenge amepatikana, ukibaki mzima ametakasika. Mtu wa leo atauona utaratibu huo kuwa wa kubahatisha, na ana haki. Lakini ubashiri wa moto ulikuwa sehemu ndogo tu ya jambo lenyewe. Kiapo kilifanyika mchana, mbele ya koo zote mbili, kwa mkono wa mtu anayejulikana, baada ya pande hizo kukubaliana nini kitalipwa na nani. Kikiisha, shauri limekwisha. Aliyeendelea kulisema alikuwa anaanza kosa jipya.

Serikali iliyokuja kuyarithi mashauri hayo iliingia kwa vita. Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki katikati ya mwaka 1895, na mwaka huo huo Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi aliingia vitani nayo kufuatia mzozo wa nani arithi utawala wa Takaungu, makao mengine ya ukoo wake. Agosti ngome yake ya Mwele, kwenye vilima vya nyuma ya Gazi, ilitekwa. Vita vikaendelea ukanda mzima mpaka wakaletwa askari kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka kwenda kujisalimisha kwa Wajerumani. Kwa mkulima wa Msambweni, basi, mtu wa kwanza mwenye sare aliyemwona akija kwa jina la sheria alikuwa anamsaka mtawala wa Gazi na wafuasi wake. Polisi waliofuata walikuwa na asili ya namna hiyo hiyo: walianza kama walinzi wa Kampuni ya Kibeberu ya Afrika Mashariki ya Waingereza pale Mombasa, wakaunganishwa kuwa jeshi moja mwaka 1902, na mwaka 1920 wakapewa jina la Polisi wa Kenya. Mwaka 1829 Robert Peel alipoanzisha polisi wa London alitaka raia wamkubali askari kama mmoja wao. Makoloni hayakupata mfano huo. Yalipata mfano wa Ireland, wa askari mwenye bunduki anayelala kambini, mbali na watu anaowalinda. Hata kitabu cha makosa kilikuwa cha watu wengine, maana mpaka mwaka 1930 makosa ya jinai yaliamuliwa kwa Sheria ya Adhabu ya India ya mwaka 1860. Mtu aliyeiba mbuzi Kinango alihukumiwa kwa maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya India.

Ni muhimu kuangalia watu wa huku walipelekwa mahakamani kwa makosa gani. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901. Mwaka 1902 ikatoka sheria ya kuweka wazee wa vijiji walioteuliwa na serikali, ambao mara nyingi hawakuwa wale wa kaya. Hao ndio asili ya machifu. Baada ya Vita vya Kwanza mwanamume aliyetoka nje ya eneo lake alitakiwa kuvaa kipande shingoni. Kugema tembo bila kibali kukawa kosa, katika nchi ambayo tembo lilikuwa sehemu ya mahari, ya mazishi na ya kila kikao cha upatanisho. Waliokosa kulipa kodi au faini walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1925 ilibidi itungwe sheria ya kambi za kizuizini, ili magereza yasifurike wakosaji wadogo. Kubwa kuliko yote ilikuwa Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyomtaka kila mwenye dai kwenye ukanda wa pwani ajitokeze athibitishe milki yake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Ardhi ya Mdigo ilikuwa ya ukoo, na ushahidi wake ulikuwa makaburi, minazi na kumbukumbu za wazee. Vitu hivyo havikuwa karatasi. Vizazi vya baadaye vikajikuta maskwota pale pale walipozikwa babu zao, na polisi wakawa ndio wanaotumwa kuwatoa. Katika orodha hiyo yote ni vigumu kulipata kosa ambalo jirani alimfanyia jirani. Aliyekosewa alikuwa serikali au mwenye hati, na kwa hao wawili vyombo vipya vilifanya kazi kwa bidii.

Mashauri ya jirani na jirani yaliachwa yajitafutie njia, na pale yalipotumia njia ya zamani yakageuzwa jinai. Sheria ya kwanza ya uchawi nchini Kenya ilitungwa mwaka 1909 na ile ya mwaka 1925 ingali ipo. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi, na inamwadhibu pia anayemwita mwenzake mchawi, isipokuwa amepeleka tuhuma hiyo kwa polisi au kwa ofisa wa serikali. Fikiria mzazi aliyefiwa na watoto wawili mfululizo, anayemshuku jirani. Akisema kijijini, amevunja sheria. Akienda kituoni, ofisa hana namna ya kupokea ushahidi wa jambo ambalo mahakama haiwezi kulithibitisha. Zamani angelipeleka barazani, jirani angeitwa, kiapo kingeliwa, na kwa vyovyote vile shauri lingefungwa. Sasa alirudi nyumbani na shuku yake nzima. Watawala wenyewe, kwa upande mwingine, walikiamini kiapo: walikiogopa kilipowapinga, wakakitumia kilipowafaa. Upande wa kaskazini wa Pwani, Mekatilili wa Menza alipowaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasiifanyie serikali kazi, alikamatwa akahamishwa, na mwaka uliofuata kaya kuu ya Giriama ikalipuliwa kwa baruti. Miaka ya 1950, dhidi ya Mau Mau, serikali hiyo hiyo ilipanga viapo vya kutengua viapo. Wadigo na majirani zao Waduruma walijifunza kutokana na hayo kwamba kiapo kina nguvu za kutosha kuitia serikali hofu, na kwamba mwenye kukitoa lazima ajifiche.

Msomaji wa Msambweni au Vanga atanipinga hapa. Atasema Wadigo wengi walikwisha kuwa Waislamu kufikia miongo ya kwanza ya karne ya 20, kwa hiyo kilichochukua nafasi ya kiapo ni dini, na mwenye kuhukumu alikuwa kadhi. Kuna ukweli mkubwa katika hoja hiyo. Chini ya mkataba wa Desemba 1895 ukanda wa pwani ulibaki kwa jina kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na kanuni za mwaka 1897 zikawaingiza liwali, mudiri na kadhi katika mfumo wa mahakama za Waingereza. Ndoa, talaka na mirathi vikapata mahali panapoheshimika, na mvutano wa muda mrefu kati ya urithi wa kwa mjomba na urithi wa sheria ya Kiislamu uliendeshwa kwa hoja, mbele ya mtu msomi. Lakini kadhi alizidi kubanwa upande wa jinai. Makubaliano ya Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte yaliilinda mahakama ya kadhi, na Katiba ya 2010 imeithibitisha, ila kwa mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi pekee. Aliyeibiwa hawezi kumpeleka mwizi wake kwa kadhi. Ndiyo maana, licha ya masheikh wengi kuikemea, Halbadiri inasomwa mpaka leo: mali imepotea, mshukiwa hajulikani, basi walimu hukusanywa na majina ya mashujaa wa vita vya Badri kusomwa ili mwizi apatwe na jambo. Imani ilibadilika, na haja ile ile ikavaa kanzu. Na Halbadiri, kama chirapho ya shambani, inasomwa bila mshukiwa kuwepo ili ajitetee.

Uhuru haukuirudisha kazi hiyo kwa mtu yeyote. Mahakama za Kiafrika za enzi ya ukoloni, ambazo kwa udhaifu wake wote ziliketisha wazee na kuzijua mila, zilifutwa kwa sheria ya mwaka 1967 na nafasi yake wakapewa mahakimu wa serikali kuu. Hakimu alikuja kwa uhamisho, akaondoka kwa uhamisho. Askari hali kadhalika, na katika miji inayokua ya Ukunda na Diani wengi wao walikuwa watu wa bara, sawa na wengi waliopata viwanja vya ufuoni na kazi za hotelini. Sitaki kudai kwamba askari wa bara hawezi kumtendea haki mtu wa Pwani. Ninachosema ni kwamba mwenyeji aliyenyang'anywa shamba kwa hati asiyoijua, akamwona askari akiilinda hati hiyo, hakuwa na sababu ya kumpelekea askari huyo habari za kijiji. Habari ndizo chakula cha polisi. Bila hizo, kituo ni jengo tu.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kundi la washambuliaji lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kile kidogo cha kivukoni, likaua polisi sita, likachukua silaha, kisha likageukia nyumba na vibanda vya watu wa bara. Katika wiki zilizofuata, Likoni na sehemu za Kwale, zaidi ya watu 100 waliuawa na karibu 100,000 wakahama makwao. Vijana hao walikuwa wamefanyiwa mazoezi na kuapishwa katika msitu wa Kaya Bombo, wilayani Kwale. Hebu kiapo hicho kilinganishwe na cha shoka. Cha Kaya Bombo kilitolewa kwa siri. Hapakuwa na upande wa pili, maana upande wa pili ndio uliokusudiwa kuuawa. Kilimwahidi kijana kwamba risasi haitampata, wakati kiapo cha baraza kilimtishia mwongo kwamba ataungua. Na badala ya kulifunga shauri, kilimfunga mtu mdomo. Waliokitoa walitumia mahali patakatifu na woga ule ule wa kale, lakini kila kizuizi kilichokifanya kiapo kuwa chombo cha amani kilikuwa kimeondolewa, na kilikuwa kimeondolewa kwa karibu miaka tisini ya kukilazimisha kijifiche.

Hapa pingamizi ni zito zaidi. Ghasia zile, wengi wanasema, zilikuwa kazi ya wanasiasa kabla ya uchaguzi wa Desemba 1997, waliotaka kuwafukuza wapiga kura wa bara. Kuzihusisha na historia ya kiapo ni kuwasafisha. Nakubali nusu ya kwanza bila masharti. Mashirika ya haki za binadamu na Tume ya Jaji Akilano Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, yalikusanya ushahidi wa mkono wa siasa, na tume ilielezwa kwamba vyombo vya usalama vilipata habari za viapo na mazoezi kabla ya shambulio. Lakini siasa ina fedha na ahadi. Haina msitu wala haina hofu. Vitu hivyo ilivikuta. Mwanasiasa anayepanga uchochezi hutafuta mahali ambapo vijana wana dai la kweli, wana njia ya kufungamana ambayo dola haiioni, na wana chuki na kituo cha polisi kiasi cha kukifanya lengo la kwanza. Kwale ya 1997 ilikuwa navyo vyote vitatu, na vyote vilitengenezwa na sheria zilizotajwa hapo juu. Yaliyofuata yalizidisha. Msako uliingia vijijini, watu wakakamatwa kwa mamia, malalamiko ya mateso yakaandikwa na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya isiyo ya kiserikali, na kesi nyingi mwishowe zikaanguka kwa kukosa ushahidi. Mwenye hatia na asiye na hatia walitoka mlango mmoja, na familia za waliouawa hazikuambiwa nani alifanya nini. Mahakama ilikuwa na nafasi ya kufunga shauri, ikaliacha wazi.

Historia ilirudi kujieleza kupitia Baraza la Jamhuri la Mombasa (Mombasa Republican Council, MRC), lililodai Pwani si Kenya na kusimamisha dai lake juu ya ardhi. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010. Mahakama Kuu ya Mombasa ikaondoa marufuku hayo mwaka 2012. Mwezi wa Oktoba mwaka huo polisi wakamkamata mwenyekiti wake hapa Kwale. Tuhuma za kula viapo zilisikika tena. Dola ilijibu kwa chombo ilichokizoea, na malalamiko ya ardhi yakabaki pale pale.

Lipo pingamizi la mwisho, na hili linagusa uhai wa watu. Katika Kwale na Kilifi wazee wenye mvi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine na watu wa nyumba zao wanaoyataka mashamba. Mtu akisikia kiapo kikitetewa, anaweza kuona kwamba wauaji hao ndio wanaotetewa. Mimi nawaona kuwa ushahidi wa upande wangu. Baraza la zamani nalo liliua wachawi, na kore ilimfanya binti asiye na kosa kuwa malipo ya kosa la mjomba wake. Hakuna anayepaswa kutamani hayo yarudi. Ila panga la leo halisubiri baraza. Tuhuma inazaliwa chumbani, inakomaa bila mshukiwa kujibu neno, na inatekelezwa usiku na kijana anayejua kwamba kituo hakitapewa jina lake. Sheria ya uchawi ya 1925 ilifaulu kuufunga mlango wa kusikiliza. Haikufungua mwingine. Kumlinda mzee huyo kunahitaji mahali ambapo shuku inaweza kusemwa mapema, mbele yake, na ikavunjwa mbele ya waliokuwa tayari kuiamini.

Kwamba wazee na dola wanaweza kuifanya kazi ya namna hiyo pamoja, misitu ya kaya yenyewe inaonyesha. Viwanja vya Diani vilipopanda bei, kaya zilianza kumegwa, na kisiwa cha Chale, ambacho ni kaya, kikajengwa hoteli. Wazee walioweza kumwogopesha mkata kuni kwa laana hawakuwa na laana ya kumtisha mwenye hati miliki. Mwaka 1992 kaya nyingi zilitangazwa katika gazeti la serikali kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 baadhi yake, Kinondo ikiwemo, zikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anayeingia Kaya Kinondo leo hufungwa kitambaa cheusi kiunoni, huongozwa na mwenyeji, na hata jani lililoanguka haruhusiwi kulichukua. Mwenyeji akikata mti, wazee humwita kwanza. Asiposikia, kuna sheria ya makumbusho na kuna hakimu. Kanuni ni ya wazee, nguvu ya mwisho ni ya dola, na msitu bado upo, umbali mfupi kutoka hoteli ambazo zingeumeza.

Katiba ya 2010, ibara ya 159, inazitaka mahakama zikuze njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke haki za msingi wala zisipingane na haki na maadili. Sharti hilo la pili ni la tangu ukoloni, na safari hii linafaa kubaki, maana ndilo linaloondoa shoka la moto na kore. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu hata kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana, uamuzi uliowagawa wanasheria. Nami naona damu si shauri la familia mbili pekee. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ikatoa sera ya mifumo mbadala ya haki. Kwa hakimu wa Kwale au Msambweni njia iko wazi katika mipaka ya mashamba, wizi mdogo, matusi na tuhuma za uchawi kabla hazijafika kwenye panga: awape wazee shauri kwa ridhaa ya pande zote, wanawake wakiwa miongoni mwa wanaosikiliza, na matokeo yaandikwe kortini. Asichoweza kuwapa ni mashauri ambayo polisi mwenyewe ndiye mshukiwa. Tangu miaka ya 2010, Diani na Ukunda zina familia zinazowadai vijana wao waliochukuliwa na watu wenye silaha katika msako wa ugaidi, na zina familia za wanakijiji waliouawa kwa sababu ya kushirikiana na polisi. Wazee hawana uwezo wa kumwita ofisa wa usalama barazani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi inao, tangu sheria yake ya 2011, na hapo ndipo wakazi wa pwani ya kusini watakapoipima korti: kwa kesi ambayo jina la askari limeandikwa mahali pa mshitakiwa, na ikasikilizwa mpaka hukumu.